Pumu na unyevu wa masika: mwongozo kamili wa kuandaa dawa, chumba na nyumba kabla mvua hazijaanza

Mwenye pumu anayeishi pwani huyajua masika kabla tone la kwanza halijadondoka. Katikati ya Machi upepo wa kaskazi unalegea, hewa inatuama, shuka linakuwa na unyevunyevu hata halijalaliwa, chumvi inalowa kwenye kopo, na usiku kifua kinaanza kubana. Mwongozo huu ni wa mtu huyo na wa wale wanaoishi naye, awe Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja, Pemba, Dar es Salaam au kokote ambako hewa huwa nzito miezi kadhaa ya mwaka.

Nimeupanga kwa kufuata kalenda kwa sababu tatizo kubwa ninaloliona ni la wakati. Familia nyingi huanza kuhangaika Aprili, mtoto ameshaamka usiku mara kadhaa, wakati kazi yenyewe ilitakiwa ifanyike Februari. Dawa na dozi zako atazipanga daktari wako. Haya mengine mengi yako mikononi mwako.

Unyevu unafanya nini kifuani

Njia za hewa za mwenye pumu zina uvimbe ambao haumaliziki kabisa hata siku anazojisikia vizuri. Kitu kidogo kikizichokoza, misuli inayozizunguka hujibana, makohozi huongezeka, na pumzi inatoka kwa mluzi. Hewa yenye joto na unyevu mwingi ni kichokozi chenyewe: huamsha neva zilizo kwenye ukuta wa njia za hewa, na neva hizo huleta kikohozi na kubana. Ndiyo maana mtu anaweza kubanwa kwenye bafu lililojaa mvuke hata kama hakuna vumbi wala moshi.

Lakini madhara makubwa ya unyevu hupitia kwa viumbe wanaoupenda. Wa kwanza ni utitiri wa vumbi, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye magodoro, mito na mazulia na kula vipande vya ngozi tunavyoviacha kitandani. Utitiri haunywi maji, hufyonza unyevu wa hewani kupitia mwili wake. Unyevu ukikaa chini ya asilimia 50 kwa muda mrefu hukauka na kufa. Masika yakifika huzaana kwa wingi. Kinachowadhuru watu ni kinyesi chake, kinachopeperuka kila unapojigeuza kitandani. Wa pili ni kuvu, ule ukungu mweusi au wa kijani pembeni mwa dari na nyuma ya kabati, ambao hutawanya vumbi lake jepesi hewani.

Ongeza na tabia zetu za msimu wa mvua. Madirisha yanafungwa, jiko la mkaa linahamishwa kutoka uani hadi ndani, mafua yanazunguka kwa watu waliobanana chumba kimoja, dawa ya mbu ya kuchoma inawashwa kila usiku. Mtu akisema "mvua inanipa pumu," mara nyingi anazungumzia haya yote kwa pamoja.

Upande wa pili upo. Hewa kavu na baridi nayo hubana. Wa Njombe, Makete au Limuru huumia zaidi Juni na Julai, wa Dodoma husumbuliwa na vumbi la kiangazi. Kama huko ndiko kwako, hatua nyingi hapa bado zinakufaa, lakini kalenda yako ni tofauti.

Hatua ya kwanza: ijue kalenda ya kifua chako

Chukua daftari la shule. Kila jioni andika mstari mmoja: hali ya hewa, kama ulikohoa usiku, mara ngapi umetumia inhela ya dharura (kile kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo), na jambo lolote lililokuwa tofauti, kama kufagia stoo au kulala kwa ndugu. Anza mwishoni mwa Januari uende hadi Juni. Mwaka unaofuata utajua kama wewe ni mtu wa masika, wa vuli ya Oktoba hadi Desemba, au wa siku za mpito pale pepo zinapobadilika.

Ukiweza kupata kipima nguvu ya pumzi, kile kibomba cha plastiki chenye mshale unachopuliza kwa nguvu, kinunue. Puliza mara tatu asubuhi na mara tatu jioni, andika namba kubwa kuliko zote. Fanya hivyo wiki mbili ukiwa mzima ili upate kiwango chako bora. Tuseme ni 400. Kuanzia 320, yaani asilimia 80, uko salama. Kati ya 200 na 320 ni tahadhari, fuata mpango wa daktari. Chini ya 200, nusu ya kiwango chako, ni dharura hata kama bado unaweza kutembea. Uzuri wa kifaa hiki ni kwamba namba huanza kushuka kabla wewe hujahisi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa msimu kabla ya masika. Wakulima huusikiliza, wenye pumu nao wausikilize.

Hatua ya pili: pima unyevu wa chumba unacholala

Kipima unyevu cha kidijitali ni kijisaa kidogo kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme na mitandaoni, na bei yake si kubwa. Kiweke karibu na kitanda, mbali na dirisha na feni. Lengo zuri ni asilimia 30 hadi 50. Nakuambia ukweli, pwani mwezi Aprili nyumba isiyo na kiyoyozi haitafika huko. Usikate tamaa. Kushuka kutoka 85 hadi 65 nako kunasaidia, hasa dhidi ya kuvu.

Huna kifaa? Weka chumvi safi ya mezani kwenye kisahani chumbani. Chumvi huanza kunyonya maji pale unyevu unapofika kama asilimia 75. Ikilowa, umevuka hapo. Chumvi ya mawe hulowa mapema zaidi, kwa hiyo usiitumie kwa kipimo hiki.

Utaona kipimo kinapanda kuelekea alfajiri. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Usiku joto likishuka, mvuke uleule unaijaza hewa zaidi. Kwa hiyo siku isiyo na mvua fungua madirisha ya pande mbili za nyumba kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, upepo upite. Wengi hufanya kinyume, hufungua alfajiri kwa ajili ya ubaridi na kufunga mchana kwa sababu ya jua.

Hatua ya tatu: kliniki Februari, kabla hujaumwa

Nenda ukiwa mzima, na daftari lako. Kuna dawa za aina mbili na ni lazima uzitofautishe. Inhela ya kutuliza, kwa kawaida salbutamol ya bluu, hulegeza misuli ndani ya dakika chache lakini haigusi uvimbe. Inhela ya kuzuia, yenye steroidi kama beclometasone au budesonide, hupunguza uvimbe wenyewe, polepole, kwa siku hadi wiki kadhaa. Hapo ndipo Februari inapokuja: dawa ya kuzuia ikianza siku ya mvua ya kwanza, imechelewa.

Kama unatumia ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijadhibitiwa. Kama unamaliza chupa tatu au zaidi kwa mwaka, uko kwenye hatari ya kupata shambulio kubwa. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA haupendekezi tena mtu mzima au kijana wa miaka 12 na kuendelea atibiwe kwa salbutamol peke yake, anahitaji steroidi ya kuvuta pia. Mwulize daktari swali hilo waziwazi: "Mimi ninahitaji dawa ya kuzuia?" Steroidi hii ni kiasi kidogo kinachokwenda moja kwa moja kwenye mapafu, haikufanyi mtumwa wa dawa. Sukutua mdomo kwa maji kila baada ya kuivuta na uteme, usipate utando mweupe ulimini.

Omba uangaliwe unavyovuta. Tikisa inhela, toa pumzi yote, weka mdomoni ufunge midomo vizuri, anza kuvuta taratibu, bonyeza, endelea kuvuta hadi mwisho, zuia pumzi kama sekunde 10. Wengi hubonyeza mapema na dawa inaishia kooni. Dawa ya tatizo hilo ni spesa, chombo cha kati kinachoipokea dawa ili uivute kwa utulivu.

Ukikosa spesa, chupa ya plastiki ya nusu lita inatosha. Mwaka 1999 daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti katika jarida la Lancet ulioonyesha kwamba chupa kama hiyo iliwasaidia watoto waliobanwa sawasawa na spesa ya dukani. Chora umbo la mdomo wa inhela kwenye kitako cha chupa, kata tundu lililobana, ingiza inhela na uzungushie gundi ya karatasi hewa isipite. Mtoto anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa na kupumua mara nne hadi sita kwa kila mpulizo mmoja. Mtoto mdogo asiyeweza kufunga midomo anahitaji spesa yenye barakoa. Ioshe kwa maji na sabuni ya vyombo, iache ijikaushe yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa dawa itang'ang'ania kwenye plastiki.

Mwisho wa safari hiyo ya kliniki, toka na mpango ulioandikwa kwenye karatasi: dawa za kila siku, cha kufanya hali ikianza kubadilika, na lini uende hospitali. Ubandike kwenye mlango wa friji au kabati, kila mtu nyumbani ausome.

Hatua ya nne: kitanda kwanza

Kama una fedha na nguvu za kushughulikia sehemu moja tu ya nyumba, shughulikia kitanda. Unakaa hapo saa saba au nane, pua ikiwa juu ya makazi makubwa ya utitiri.

Katika siku za jua kali za Januari na Februari toa godoro nje, lilaze juani saa kadhaa kila upande. Jua hukausha godoro na kuua utitiri mwingi, ila kinyesi chake kinabaki, kwa hiyo lipigwe na mtu asiye na pumu, mbali na madirisha. Godoro la sufi au pamba lililozeeka ni hifadhi kubwa ya utitiri. Kama lina miaka mingi, ni bora kulibadilisha kuliko kununua mashine yoyote. Lipya livalishe mfuko wenye zipu unaolifunika lote, na mito vilevile. Usipoupata, nailoni ya godoro iliyozibwa vizuri na kutandikwa shuka mbili juu yake inafanya kazi, japo utatoka jasho.

Mashuka na foronya vifuliwe kila wiki kwa maji ya moto ya nyuzi 60. Ukifua kwa maji baridi unaondoa uchafu na kinyesi lakini utitiri mwingi unabaki hai. Pasi ya moto baada ya kukauka inasaidia. Mwanasesere wa manyoya wa mtoto akae ndani ya mfuko kwenye friza usiku na mchana mzima, kisha afuliwe. Zulia la chumbani liondoke, utandike mkeka wa ukindu unaoweza kukung'utwa na kuanikwa. Nguo ambazo hazivaliwi zisirundikwe juu ya kabati.

Chandarua usikitoe, masika ndio msimu wa mbu na malaria. Kikung'ute nje kila wiki. Ukikifua tumia sabuni ya kawaida na ukianike kivulini, kwa sababu jua huharibu dawa iliyomo.

Hatua ya tano: zuia maji yasiingie nyumbani

Mwite fundi Februari, bati likiwa kavu na yeye akiwa na nafasi. Aangalie misumari ya paa, mifereji, na mahali maji ya mvua yanapotua karibu na msingi. Angalia chini ya sinki na nyuma ya choo.

Kitu chochote kilicholowa, godoro, zulia, dari, kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48. Baada ya hapo kuvu inaanza kuota. Kabati na makochi visogezwe mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono, hewa izunguke.

Ukungu uliokwisha kuota kwenye ukuta wa rangi au vigae usugue kwa maji, sabuni na brashi, ukaushe kabisa. Anayesugua avae barakoa. Mwenye pumu awe nje ya nyumba. Jiki mimi siipendi kwa kazi hii, kwani mvuke wake wenyewe hubana kifua, na ikichanganyika na dawa za chooni zenye asidi hutoa gesi ya sumu. Kupaka rangi juu ya ukungu hakusaidii, utarudi. Ubao wa jipsamu wa dari uliooza utolewe.

Kwa wanaoishi nyumba za kale za mawe na chokaa, Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au Mji wa Kale Mombasa: ukuta wa namna hiyo hunyonya maji na kuyatoa tena. Ukiupiga plasta ya saruji unayafungia maji ndani, na rangi itavimba na kubanduka kila mwaka. Tafuta fundi anayejua chokaa.

Hatua ya sita: nguo mbichi, moshi na mafusho

Kamba ya nguo sebuleni huingiza maji mengi hewani. Anika kwenye baraza lenye paa, na kama hakuna budi kuanika ndani, chagua chumba asicholala mwenye pumu, dirisha wazi, feni inazunguka. Kutandaza nguo juu ya jiko la mkaa kunaleta unyevu na moshi kwa mpigo mmoja, tena mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu inayoua watu wakiwa usingizini. Kama mnaweza kuhamia gesi, anzeni na miezi ya mvua.

Kuhusu udi na ubani nazungumza kwa heshima, maana ni sehemu ya maisha yetu. Masika nguo zinapata harufu ya uvundo na chetezo huwashwa zaidi kuliko wakati mwingine. Lakini moshi ni moshi. Fukiza nguo barazani mwenye pumu akiwa hayupo, ziache zipigwe na upepo ndipo ziingie kabatini. Vifuko vya karafuu kavu kabatini huondoa uvundo bila moto. Dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe chumbani kwake kabisa.

Na nyungu. Mwaka 2020 kujifukiza kulienea sana Tanzania, na watu wengi bado wanaamini kwamba mvuke hufungua kifua. Kwa mwenye pumu, kuinamia sufuria chini ya blanketi ni kuvuta hewa ileile ya moto na unyevu inayobana. Ongeza hapo hatari ya kuungua, hasa kwa mtoto. Anayebanwa anahitaji inhela.

Hatua ya saba: feni na kiyoyozi

Feni haikaushi hewa, inaisogeza tu; futa mapanga yake kwa kitambaa kibichi, au itamwagia mwenye pumu vumbi la miezi. Kiyoyozi hukausha. Nyingi zina hali ya kukausha yenye alama ya tone la maji, itumie ukiwa umefunga madirisha. Weka nyuzi 24 hadi 26, kwa sababu kutoka nje kwenye joto na kuingia kwenye nyuzi 18 ghafla kunaweza kubana kifua. Chujio lioshwe kila wiki mbili, na fundi aisafishe mashine kabla ya msimu; kiyoyozi kichafu huota kuvu ndani na kuipuliza chumbani.

Hatua ya nane: tunza dawa yenyewe

Inhela ya gesi isiachwe kwenye gari lililopaki juani wala karibu na jiko, ikae chini ya nyuzi 30. Inhela za unga ndizo zinazoathirika na unyevu: unga ukilowa huganda na haufiki mapafuni. Zifunge kifuniko mara tu baada ya kutumia, usipulizie pumzi ndani yake, usizioshe kwa maji, usiziweke bafuni. Ile desturi ya kuelesha chupa ya inhela kwenye maji kuona kama imekwisha haiaminiki. Angalia kihesabio, na kama hakuna, andika tarehe ya kuanza na uhesabu. Nyingi zina mipulizo 200.

Hatua ya tisa: akibanwa

Mkalishe wima, ameinama mbele kidogo, nguo zilegezwe. Usimlaze. Mpe salbutamol kwa spesa, mpulizo mmoja kwa wakati, apumue mara nne hadi sita, kisha mwingine baada ya nusu dakika hadi dakika moja. Unaweza kufika mipulizo 10. Asipopata nafuu, au akipata na kubanwa tena kabla ya muda wa saa nne kupita, nendeni hospitali mkiendelea kumpa njiani.

Usisubiri kabisa ukiona hawezi kumaliza sentensi, midomo imekuwa ya bluu au kijivu, mtoto anabonyea katikati ya mbavu anapovuta, amelegea na kusinzia, au mluzi umenyamaza huku bado anahangaika kupumua. Kifua kilichonyamaza namna hiyo maana yake hewa karibu haipiti.

Panga njia mapema. Wakazi wa Dar es Salaam wanajua bonde la Msimbazi likijaa barabara ya Jangwani hufungwa. Kama hospitali yako iko ng'ambo, chagua nyingine upande wako na uijue kabla ya usiku wa mvua. Namba ya dereva wa bajaji au teksi anayekubali kuamshwa iwe kwenye simu ya kila mtu mzima nyumbani. Kama mna nebulaiza, mashine ya umeme inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, kumbukeni kwamba umeme hukatika mvua ikipiga, kwa hiyo spesa na inhela yenye dawa viwe palepale kando ya kitanda.

Kusi ikishika kasi

Juni hewa inapoa na kukauka, na wengi huacha dawa ya kuzuia kwa sababu wanajisikia vizuri. Usiiache mwenyewe. Rudi kliniki na daftari lako, daktari aone Machi hadi Mei zilikwendaje, aamue kama dozi ipunguzwe na lini. Siku hiyohiyo mwulize ni tarehe gani ya Septemba urudi kwa ajili ya vuli.